Kukaa kimya waanze wenye mihuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nimjibu mwandishi wa safu ya afya, yule aliyeandika kwamba mkulima wa korosho anayesubiri malipo ya mnada awe anatenga muda kila asubuhi, akae kimya, afumbe macho, avute pumzi taratibu, mawazo yapite tu kama yanavotaka, na presha itashuka. Sina ugomvi na presha kushuka. Hapa Newala presha tunayo ya kutosha na dawa zenyewe unazijua bei. Ila alipomalizia kwamba haya ndo mafundisho ya wahenga wa Uchina, wafuasi wa mwalimu wao wa kale Confucius, walioishi karibu miaka elfu iliyopita, hapo nikasema hii siiachi, maana hao wazee nimewasoma. Mtoto wa dada yangu alipata ufadhili akasoma Uchina, aliporudi akawa ananirushia vitabu kwenye simu, na mimi mwalimu mstaafu wa historia jioni sina cha kufanya zaidi ya kugombana na kuku wa jirani, basi nasoma. Na kabla mtu hajaniuliza Uchina na Newala wapi na wapi, akumbuke pale Kilwa Kisiwani vimefukuliwa vipande vya vyombo vya Kichina vya karne na karne, watu wale hatukuanza kujuana nao kwenye bomba la gesi walilotujengea.

Sasa mwandishi wenu jambo lenyewe kalipata, kweli wale wazee walikuwa wanakaa kimya, tena sana. Ila kawakosa walengwa. Wale hawakumwandikia mkulima anayedai hela yake. Walikuwa wanaandikiana wao kwa wao, na wao walikuwa watu wa ofisini, mahakimu, wakuu wa wilaya, washauri wa mfalme, au vijana wanaosomea mitihani ya kuingia huko. Kukaa kimya ilikuwa ni kujishika mwenyewe kabla hujashika watu.

Tuanze na Zhu Xi, maana huyu ndo mkubwa wao. Alizaliwa 1130 akafariki 1200, kwao jimbo la Fujian kule kusini, na maelezo yake ya vile Vitabu Vinne vya Confucius na wafuasi wake yakaja kuwa ndo silabasi ya mitihani ya serikali kuanzia 1313 mpaka mitihani yenyewe ilipofutwa 1905. Hebu fikiria silabasi inayodumu karibu miaka mia sita, sisi hapa tumeshabadilishiwa mara ngapi. Huyu Zhu Xi alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwaka 1153, akiwa njiani kwenda kuanza kazi yake ya kwanza ya serikali wilaya ya Tong'an, alipitia kwa mzee mmoja anaitwa Li Tong. Mzee hakuwa na cheo, alikuwa anakaa kwake tu. Na somo lake lilikuwa ni hilo, kaa kimya uangalie moyo wako ulivo kabla furaha, hasira, huzuni na raha hazijainuka. Usisubiri hasira imeshapanda ndo uanze kuikimbiza. Uangalie pale inapotokea, uzoee kupajua.

Kinachonipendeza kwa Li Tong ni kwamba hakuzaliwa mpole. Zhu Xi anasimulia kwamba ujanani mzee alikuwa mtu wa fujo, usiku akishalewa anapanda farasi anamtimua kasi mpaka nyumbani. Tunao hao, siku hizi wanapanda bodaboda. Alafu anasema, uzeeni mzee huyo huyo ukimwita matembezini, watu wengi wakienda karibu wanatembea pole pole na wakienda mbali wanakimbizana, yeye mwendo wake ulikuwa mmoja karibu au mbali. Na watu wengi wakimwita mtumishi mara ya kwanza haji, mara ya pili haji, mara ya tatu sauti inapanda, ila Li Tong akiita asipoitikiwa sauti ya mwisho inakuwa ile ile ya mwanzo. Sasa mhariri ona kipimo alichotumia mwanafunzi kumpima mwalimu. Hakusema mzee alikuwa anaona nuru, hakusema mzee presha yake ilikuwa nzuri. Amempima kwa anavomwita mtu wa chini yake.

Nenda kwenye ofisi yoyote huku kwetu, kwenye chama chochote cha msingi cha ushirika msimu umechanganya, watu wamejaa na magunia, simama pembeni usikilize sauti. Utajua mwenyewe nani hajawahi kukaa kimya hata siku moja.

Kabla ya Li Tong walikuwepo walimu wawili, ndugu wa ukoo wa Cheng. Mdogo wao Cheng Yi alikuwa akiona mtu amekaa kimya anamsifu, anasema huyu anajua kusoma. Kuna hadithi yake maarufu sana huko, kwamba siku moja ya baridi wanafunzi wawili, Yang Shi na You Zuo, walimkuta mwalimu amekaa kafumba macho, hawakutaka kumsumbua, wakasimama wakingoja, alipofumbua macho akawaruhusu waende, nje theluji ilikuwa imefika kina cha futi moja. Na Yang Shi wakati huo hakuwa mtoto, alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mtihani wa juu wa serikali ameshafaulu. Wachina wanaitumia hadithi hiyo kufundisha kuheshimu walimu, na mimi kama mwalimu siikatai hata kidogo, ila kila nikiisoma nawaza kwamba ukimya kwenye hadithi hii umekaa pande zote mbili, aliye juu na waliosimama. Kwetu ukimya unadaiwa kwa aliyesimama tu. Mwali anaingia unyagoni anafundishwa kunyamaza, kuinama, kutojibu wakubwa, anakaa ndani kimya. Mwenyekiti hakuna anayemweka ndani.

Na hapa niseme neno, wale mabwana wa Uchina na wao walikuwa na yao. Zhu Xi alimwambia mwanafunzi wake mmoja, nusu siku kaa kimya, nusu siku soma, fanya hivo mwaka mmoja au miwili utaona maendeleo. Nilimsomea dada yangu akacheka akauliza, na hiyo nusu siku na nusu siku nani alikuwa anapika? Sina jibu. Vitabu vyao havisemi, na kwa kutosema kwao tunajua.

Zhu Xi mwenyewe wala hakutaka watu wafanye ukaaji huo kuwa ndo dini. Aliogopa wasije wakageuka watawa wa Kibudha, wanaokaa ili kuzima mawazo yote. Yeye alisema hakuna haja ya kukata mawazo, wala hakuna mikao ya ajabu ajabu, kusanya tu moyo usizurure, na jambo likija inuka ulifanye, likiisha rudi. Na mtu anayekaa tu kimya, jambo likimfika anababaika hajui pa kuanzia. Kwa ndugu zangu Waislamu wanaodhani nawaletea ibada ya kigeni, hapana, itikafu tunayo na kujihesabu nafsi tunakujua, hawa wazee walikuwa wanaongelea namna ya kuwa mtu wa kuaminika ofisini, wala huhitaji kubadili kibla.

Sasa nije kwenye ghala, na hapa ndo nataka wakulima wenzangu wa Tandahimba, Masasi, Nanyumbu, Ruangwa na kwingine wasome taratibu. Mwaka 1168 njaa iliingia wilaya ya Chong'an alikokuwa anaishi Zhu Xi. Yeye na wazee wenzake wakaomba serikali ya juu nafaka, wakapewa shi 600, shi ni kipimo chao cha wakati ule. Wakakopesha watu, wakala, wakaishi, mavuno yakaja mazuri wakarudisha. Badala ya nafaka kurudi serikalini wakaomba ibaki pale pale kijijini, na mwaka 1171 ghala la jamii likajengwa. Mkulima anakopa kabla ya mavuno, anarudisha na riba ya asilimia 20, mavuno yakiwa mabaya riba inakatwa nusu, njaa ikiwa kali haidaiwi kabisa. Asilimia 20 utasema ni kubwa, lakini walanguzi binafsi walikuwa na zao. Baada ya miaka 14 wakawa wameshairudishia serikali zile 600 zake, na ghalani zimebaki 3,100. Kuanzia hapo riba wakaifuta, wakawa wanachukua asilimia 3 tu kufidia kinachopotea ghalani.

Asilimia 3! Yaani unyaufu wao umeandikwa, unajulikana, hauongezeki kwa sababu karani kaamka vibaya. Mkulima wa huku anapeleka gunia limepimwa kwenye mzani wa chama, likifika ghala kuu kilo zimeyeyuka, akiuliza anaambiwa unyaufu huo mama, korosho imekauka. Imekauka kiasi gani? Kimya. Huo nao ni ukimya ila Zhu Xi asingeutambua. Sitaji chama wala ghala, sikuja kushtaki mtu gazetini, na vipo vyama vizuri, navijua. Nasema tu kwamba mtu yule yule aliyesema kaa nusu siku kimya, ndo yule yule aliyepeleka habari ya ghala mpaka kwa mfalme mwaka 1181 akitaka sehemu zingine nazo ziige. Ukichukua ukaaji wake ukaacha ghala lake umechukua ganda umeacha korosho.

Kuna kitu kingine kutoka kwa Zhu Xi ambacho wajukuu zangu wamekipenda. Alikuwa anasimulia habari za afisa mmoja wa zamani kabla yake, aliyekuwa na vyombo na maharage. Akipitiwa na wazo zuri anatupia harage jeupe, likija wazo baya anatupia jeusi. Jioni anahesabu. Mwanzoni meusi yakawa mengi, siku zilivoenda meupe yakazidi, mwishoni akawa hahitaji tena maharage. Nikafikiria karani wa mzani akiwekewa kopo la maharage pale pembeni ya mzani... tungepata futari ya kijiji kizima.

Ila aliyenigusa mimi kuliko wote ni Wang Yangming, wa enzi za ukoo wa kifalme wa Ming, 1472 hadi 1529. Huyu alimtetea mtu aliyeonewa na towashi mwenye nguvu ikulu, akachapwa viboko mbele za watu, akafukuzwa kwenda kituo kidogo mbali kabisa mlimani, Longchang, jimbo la Guizhou. Huko alijitengenezea jeneza la jiwe akawa anakaa kimya usiku na mchana, na mwaka 1508 usiku mmoja akaelewa alichokuwa anakitafuta, kwamba kipimo cha haki kimo ndani ya mtu, hahitaji kukitafuta nje. Baadaye akawa anafundisha wanafunzi wake kukaa kimya, lakini baada ya muda akaona wameanza kunogewa, wanapenda utulivu wanachukia kazi, kila mtu anataka kuwa mtakatifu chini ya mti. Akabadilisha. Akasema mtu anasuguliwa kwenye mambo yenyewe, sio pembeni ya mambo.

Na kuna afisa aliyekuwa anamsikiliza siku nyingi, akaja kumlalamikia kwamba mwalimu mafundisho yako mazuri ila mi nina mafaili na kesi hazina mwisho, muda wa kujifunza naupata wapi. Wang akamjibu, mimi nilikwambia lini uache mafaili na kesi uende kujifunza hewani? Wewe una kesi, jifunzie kwenye kesi. Usimkasirikie mdai kwa sababu anajibu hovyo. Usimfurahie kwa sababu anaongea vizuri. Usimkomoe kwa sababu amekwenda kutafuta wakubwa wamsemee, wala usimlegezee kwa sababu amekubembeleza. Usikate kesi haraka haraka kwa sababu umechoka na una mengine. Usifuate maneno ya watu wanaomsema pembeni. Yote hayo unayajua wewe peke yako, hivo ndo pa kujichunguza.

Mhariri, mimi ni mjumbe wa baraza la kata. Siku hizi hatuamui kesi za ardhi, sheria ilibadilishwa 2021, kazi yetu imebaki kusuluhisha, na kusuluhisha ndo kugumu zaidi maana huna rungu. Nilivosoma jibu hilo nilicheka peke yangu kama mwehu. Wanakuja ndugu wawili, baba kafariki kaacha mikorosho, mpaka haujulikani, mmoja kavaa shati safi shikamoo zimejaa mdomoni anaita kila mjumbe mama, mzee wangu, mwingine kaingia na tope miguuni hasalimii anasema nyie wote mmeshahongwa. Niambie wajumbe wanaelemea wapi. Wanaelemea kwa shikamoo! Na mara nyingi mwenye tope ndo mwenye mikorosho, ndo kapiga dawa ya salfa tangu Mei mpaka Julai, kapalilia, kaokota, mwenye shati yuko Dar anarudi Oktoba minada ikianza. Mtu asiyeijua hasira yake mwenyewe inapoanzia hawezi kusikia chochote baada ya neno mmeshahongwa. Masikio yanakuwa yameshaziba. Nilipendekeza pale kwetu kabla ya kuita wahusika tukae dakika chache bila kuongea, bila simu, kila mtu ajiulize nani kati ya hawa wanaokuja nampenda na kwa nini. Mwenzetu mmoja akasema mama anatuletea kungfu. Lakini tunafanya, sio kila mara, na mara tunazofanya kikao kinaanza tofauti, watu wanauliza maswali badala ya kutoa hotuba.

Yuko mwingine mkali zaidi, Liu Zongzhou, alikuwa mkuu wa wakaguzi wa maadili serikalini mwishoni mwa enzi ya Ming. Huyu aliandika utaratibu kabisa. Alfajiri weka mezani kijiti kimoja cha ubani na bakuli la maji, kaa mbele yake umenyooka, alafu jishtaki mwenyewe. Taja ulichokosea, usijitetee, mpaka jasho likutoke na mashavu yawake kama mtu aliyefungwa pingu kizimbani. Ndo uvute pumzi, utulie, uinuke. Kumbuka huyu ni mtu ambaye kazi yake mchana ilikuwa ni kushtaki maafisa wenzake. Alianza na mtuhumiwa wa karibu.

Haki itendeke, yupo aliyewapinga wote. Yan Yuan, alizaliwa 1635, yeye mwenyewe alikaa kimya ujanani mpaka akaona ni upuuzi. Akasema ukikaa nusu siku umekuwa mtawa nusu siku, ukisoma nusu siku umekuwa mwanazuoni wa vitabu nusu siku, sasa kazi ya wafalme wema wa kale utaifanya saa ngapi ya siku? Akasema mabwana hawa wakati wa amani wanakunja mikono wanaongelea moyo, hatari ikija kitu cha juu kabisa wanachoweza ni kufa kwa ajili ya mfalme. Na inauma kwa sababu ndivo ilivokuwa. Utawala wa Ming ulianguka 1644, mwaka uliofuata mji wa Hangzhou nao ukachukuliwa na Wamanchu, wavamizi kutoka kaskazini, na Liu Zongzhou akasusa kula mpaka akafa. Alikuwa msafi na nchi ilikwenda. Yan Yuan yeye alifundisha wanafunzi wake kilimo, tiba, hesabu, mpaka kulenga mishale. Mimi nampa haki yake nyingi tu, na ningefurahi mwandishi wenu wa safu ya afya amsome huyu kabla ya kutuandikia tena, maana anachotuuzia ndo kile kile Yan Yuan alichokuwa anakipigia kelele, utulivu usiogusa kitu, na safari hii hata kufa kwa ajili ya mfalme haumo.

Kwa hiyo ombi langu. Mkulima aliyepeleka korosho na hajalipwa hana tatizo la moyo kuzurura. Moyo wake uko mahali pamoja tu, kwenye hela yake, na ana haki uwe hapo. Hasira yake sio ugonjwa. Mkimwambia atulie mnamsaidia yule anayemcheleweshea. Andikeni makala nyingine, iwe kwa makarani wa mizani, wenyeviti wa vyama, maafisa ushirika, na sisi wa mabaraza tusiachwe, muwaelezee haya ya Li Tong na sauti isiyopanda, ya Wang na kesi, na ghala la asilimia 3 kwa tarakimu zake. Mkiitoa kabla ya Oktoba itakuwa vizuri, msimu ukishaanza hakuna mtu wa kusoma gazeti, tunafungia maandazi.

Na najua barua ni ndefu, mtaipunguza. Mkipunguza toeni hadithi ya maharage, ya ghala muiache.

Mjumbe wa baraza la kata,
Newala, Mtwara